Goti la Mtani

Jumapili, 14 Agosti 1977

Leo mechi ya vunja jungu, Mnazi Mmoja. Waliooa na Makapera. Mfungo unaingia wiki hii, kwa hiyo kila mwenye miguu Kariakoo alitaka kulivunja jungu lake mapema. Wengine kwa pilau, wengine kwa bia, sisi kwa mpira. Mimi sifungi, ni Mkristo wa Tabora, lakini jungu nalivunja kila mwaka! Makapera tumefungwa mbili bila.

Mabao yote mawili kafunga Shomari. Shomari huyu huyu ninayekaa naye baraza moja, cherehani yake na yangu zinatazamana mbele ya duka la Harilal, Mtaa wa Uhuru. Tangu aoe mwezi wa sita hatembei, anaelea.

Mimi beki. Akanipiga tobo. Sawa — tobo ni tobo, hakuna beki ambaye hajapitishiwa mpira miguuni. Akanipiga la pili! Safari hii akausimamisha mpira, akanigeukia, akanipigia saluti: "Mpagazi, funga mlango, mbuzi wanaingia!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na wanawake wa nyumba yao walikuwapo, mkewe Zamzam katikati yao, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Utani wenyewe sina neno nao. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, utani wetu tumeukuta. Kila siku ya Mungu tunatukanana pale barazani mpaka wateja wanasahau walichofuata. Mtani hanuniwi, mtani hashitakiwi. Ndivyo tulivyolelewa.

Baadaye mpira wa juu, tukaurukia wote wawili, tukagongana. Bahati mbaya. Alianguka, akakosa pumzi kidogo. Watu wakakimbilia. Nikasema, mwacheni, Mzaramo huyo, akiona majani anakumbuka kitanda! Kicheko tena. Refa hata filimbi hakupiga. Eti watani hao, waacheni wamalizane. Shomari akainuka, akanipa mkono, akacheza mpaka mwisho.

Goti langu linauma kidogo. Basi.

Jumatatu, 15 Agosti

Shomari kachelewa kazini. Yeye ambaye kila asubuhi hufungua milango pamoja na Harilal! Kaja kakaa upande upande kama mtu mwenye jipu, pedali anakanyaga kwa mguu mmoja. Nikamuuliza vipi. Akasema bega. Bega la kushoto linamchoma, hajui kwa nini.

Nikapaza sauti baraza zima lisikie: kumbe Mzaramo akigongwa mbavu anaumwa bega! Mungu alipomuumba alikuwa na haraka, waya kaziunga ovyo! Harilal alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Shomari naye akacheka — halafu akaacha ghafla, akashika ubavu.

Nilimwona alivyoshika ubavu. Nikainamia kitambaa changu.

Kazi tele. Watu wameshaanza kuleta vitambaa vya kanzu za Idi na hata mfungo haujaingia. Sabuni hakuna dukani wiki ya tatu sasa, lakini kanzu mpya kila mtu anataka.

Jumatano, 17 Agosti

Mwezi umeonekana jana, redio imetangaza. Leo mfungo wa kwanza.

Tuna desturi, mimi na Shomari. Siku ya kwanza ya mfungo nakuja na mihogo ya kuchoma kwenye gazeti, nakula nyuma ya cherehani yangu polepole, nafunga macho kwa utamu. Yeye ananitukana ukoo mzima mpaka adhuhuri. Mwaka jana alinirushia bobini, ikaingia kwenye chai. Watu huja barazani kutazama tu.

Leo nikala. Nikafunga macho. Nikangoja matusi.

Akatabasamu tu. Nilipomtazama vizuri nikaona uso umekuwa wa kijivu, midomo mikavu, na mkono anaupitisha tumboni kila mara kama anayetafuta kifungo cha shati. Mteja mmoja akasema, swaumu hiyo, siku ya kwanza huwa nzito. Harilal akasema swaumu. Na mimi nikasema swaumu. Neno zuri sana hili, limetufaa wote.

Mihogo nusu nimeitupa. Haikuwa na ladha.

Ijumaa, 19 Agosti

Zamzam alinikuta bombani asubuhi, ndoo yangu haijajaa. Huyu ni mtu wa Kilwa, hana maneno mengi, na akisema nawe anakutazama usoni. Akasema, shemeji, nina jambo.

Shomari hali. Wakifuturu anakunywa uji mafunda mawili, anasukuma bakuli. Tumbo limemkaza. Usiku hawezi kulala chali, anaegemea ukuta mpaka daku. Amemkataza kusema kwa mtu yeyote, hasa kwetu barazani. Kisha akaniuliza: "Siku ile uwanjani, ilikuwaje hasa?"

"Tuligongana tu, shemeji," nikamwambia. "Mpira ndivyo ulivyo."

Akanitazama. Akasema haya. Ndoo yangu ilikuwa inamwagika na mimi sioni.

Alasiri nikaenda kumwangalia. Nikamkuta Bi Siti, mama yake Shomari, kaja kutoka Kisarawe. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, mpagazi, akasema, mzigo umeutua wapi? Hata mtoto akiumwa, utani hauachi! Yeye ameshajua ugonjwa: ngiri. Bwana harusi mpya, usiku kazi, mchana swaumu, ngiri isimshike ina nini? Kapasha mafuta ya nyonyo, kamlaza mwanawe mkekani. Akaniambia nimshike miguu, maana Mnyamwezi ana mkono wa kubeba.

Nikamshika miguu.

Bi Siti akaanza kuchua. Alianzia kitovuni akapanda, akaelekea kushoto, chini ya mbavu. Hapo hapo. Mikono yake ni ya mtu aliyetwanga maisha yake yote. Shomari hakupiga kelele. Alifumba macho, jasho likamtiririka, na miguu ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, Bi Siti, hapo aligongwa, usibonyeze. Maneno machache tu! Yakanifika mpaka kwenye ulimi.

Nikasema: "Kaza, Bi Siti, huo ubwabwa wa harusi bado haujashuka!"

Wakacheka. Shomari naye akacheka huku meno ameyauma. Alipofumbua macho alinitazama mimi, wala hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningelala.

Basi niandike. Jumapili niliandika kwamba tuligongana. Hatukugongana. Mpira ulishapita, ameshaupiga kichwa, na mimi niliuona ukipita. Nilikuwa na nafasi ya kuteremsha mguu. Nikapandisha goti. Nililenga. Nikasikia linazama pale laini, chini ya mbavu, na kwa muda wa kupepesa jicho — Mungu anisamehe — nilifurahi.

Kwa ajili ya tobo! Mtu mzima, fundi, watu wananiamini na vitambaa vyao! Na halafu nikaja hapa kulidanganya daftari ambalo halisomwi na mtu. Nilikuwa namwonea haya nani?

Jumamosi, 20 Agosti

Shomari kaja kazini, uso umerudi kidogo. Kamaliza kanzu mbili na shingo ya ile ya tatu. Kanitukana! Kasema kola niliyoshona inafaa kumvika punda wa maji. Nilitaka kumbusu.

Watu wanasema mkono wa Bi Siti ni dawa. Labda ilikuwa ngiri kweli. Mbona wanaume wengi wanaumwa ngiri?

Nimekula wali wa nazi sahani mbili.

Jumatatu, 22 Agosti

Nitaandika kama yalivyotokea.

Asubuhi tulikuwa tunashona. Nikasikia cherehani yake imenyamaza. Nikangoja iendelee. Unajua sauti ya mwenzio, miaka sita mnatazamana — anapobadilisha uzi unajua, anaposimama kunyoosha mgongo unajua. Haikuendelea. Nikainua macho nikamwona anateleza kutoka kwenye kiti polepole, kanzu nyeupe ya mtu imemfuata, imemfunika miguu.

Nikamwinua. Baridi! Jua la Kariakoo lile na mtu kawa baridi, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Harilal akawa anapiga kelele, swaumu, mfungueni, mpeni maji, Mungu wenu si mkali hivyo! Kisha akakimbilia ndani kuchukua ufunguo wa gari lake, lile Pijo. Kijana wa duka la pili akatumwa nyumbani kwa Zamzam na Bi Siti.

Garini kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu. Tulipopita Mnazi Mmoja nikatazama upande mwingine. Akanivuta shati. Nikainama. Kwa sauti ndogo kabisa akasema: "Usiseme. Utaniharibia utani."

"Nisiseme nini?" nikamuuliza.

Akatabasamu. Kumbe siku zote anajua.

Hospitali wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Wanawake nao wakawa wameshafika. Daktari kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, akauliza ameanguka? Amepata ajali? Amepigwa? Kama amepigwa itatakiwa karatasi ya polisi, akasema, lakini karatasi baadaye, kwanza semeni. Harilal akasema, daktari, kijana amefunga. Bi Siti akasema ngiri. Mimi nikasikia polisi.

Daktari akamgusa kushoto, chini ya mbavu. Shomari ambaye Ijumaa hakulia, leo alilia.

"Nauliza mara ya mwisho," daktari akasema. "Kuna kitu kilimgonga hapa?"

Zamzam alikuwa ananitazama. Nikasema, alicheza mpira, daktari. Jumapili ile ya kabla ya mfungo. Alianguka.

"Aliangukia nini?"

"Jiwe."

Nilisema jiwe! Sijui lilitoka wapi. Daktari akapiga kelele mbona hamkusema tangu mwanzo, akaita manesi, wakaondoka naye mbio na magurudumu yanalia sakafuni. Bi Siti akabaki anauliza, jiwe? Jiwe gani? Mbona hakuniambia mwanangu?

Nimesema nusu ya kweli ikamfikisha kwenye kisu. Nusu nyingine nimeigeuza jiwe.

Jumanne, 23 Agosti

Yu hai. Niandike hilo kwanza. Yu hai.

Bandama lilipasuka. Wamelitoa. Daktari alitueleza pale kwenye korido, amesimama, bado amevaa kofia ya chumba cha kupasulia. Alisema siku ile ya mpira bandama lilichanika ndani, damu ikazuiwa humo humo kama ndani ya mfuko. Mtu anaweza kutembea, kufanya kazi, hata kucheka. Siku moja mfuko unapasuka. Nikamuuliza kuhusu bega. Akasema ndiyo, damu ikikusanyika upande ule maumivu hupanda begani. Alishangaa nimejuaje kuuliza.

Wangemleta mapema, akasema, ingekuwa kazi nyepesi zaidi. Sasa tungoje. Damu nyingi imepotea.

Kisha akauliza, baada ya kuanguka, yupo aliyembonyeza tumbo?

Bi Siti akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. "Mimi, mwanangu. Nilimchua."

Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba tumbo la namna ile halichuliwi, na kwamba hakuna mtu angeweza kujua. Lakini mama alishasikia. Akakaa chini sakafuni, mikono akaificha ndani ya kanga.

Hakuna mtu angeweza kujua! Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

Walitaka damu. Nikatoa. Nilikuwa wa kwanza kuvua shati. Harilal akanipiga bega, akaniita ndugu wa kweli. Watu wa korido ile tusiojuana wakasema, mnamwona huyu, Mnyamwezi, Mkristo, anamtolea damu Mzaramo, ndiyo Tanzania hiyo! Nikakaa karibu na Bi Siti na kipande cha pamba mkononi. Akanitazama kwa huruma — mimi!

"Wewe umempa damu, baba," akasema. "Mimi nimemmwagia yake."

Nikabonyeza pamba.

Alhamisi, 25 Agosti

Homa imempanda. Wamebadilisha dawa. Ukimwita anafumbua macho, anayafumba. Hajasema neno.

Vijana wa timu walikuja saa ya kutazama wagonjwa, Waliooa na Makapera pamoja, wamevaa vizuri kama wanakwenda kuposa. Wakamwita Bi Siti pembeni. Kumbe tangu jana wanazunguka Mnazi Mmoja wanalitafuta jiwe, asije akaumia mwingine. Na wamelipata! Lilikuwa limezama kwenye majani upande wa barabara, wamelichimbua kwa sululu, wamelitupa mtaroni. "Tumeling'oa, mama," nahodha akasema. Kucha zake zilikuwa bado na udongo.

Watu wale waliona. Walikuwa uwanjani, wameona goti likipanda kwa macho yao. Lakini waliona watani wakitaniana, na hicho ndicho walichorudi nacho nyumbani. Nimewaambia jiwe, wameona jiwe.

Bi Siti akawashukuru, akawaombea dua mmoja mmoja. Walipoondoka akasema kama anayesema peke yake, jiwe halina kosa. Jiwe halikumkandamiza.

Hali kitu. Jioni anafungua kwa maji na tende moja, basi. Hamgusi mwanawe. Jana sista alimwambia amshike mkono amsemeshe, wagonjwa husikia. Akasema, mshike wewe, sista, wangu si mzuri.

Najiambia Shomari mwenyewe alisema nisiseme. Ni kweli alisema. Lakini alisema kabla hajajua kwamba mama yake atabeba lawama. Nimejificha nyuma ya mgonjwa kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Na nyuma ya polisi. Na nyuma ya hofu ya ugomvi wa koo zetu mbili. Sehemu za kujificha hazijanipungukia hata moja.

Zamzam kaniuliza leo swali moja tu, tukiwa tunatoka getini. Jiwe hilo lilikuwa upande wa goli gani?

Nikasema sikumbuki.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimefika chumbani sasa hivi. Wenye nyumba wanapanga futari uani. Niandike kabla sijabadilisha mambo kichwani, maana najijua.

Leo wazee wa Kisarawe walikuja, gari zima. Mkubwa wao Mzee Uwesu, mjomba wake Shomari. Waliingia wodini wawili wawili, wakatoka kimya. Homa haijashuka. Sista amesema kesho daktari ataamua kama wampasue tena.

Tukakaa kwenye veranda ya nje, wanaume benchi hili, wanawake mkekani. Bi Siti ukutani, mikono ndani ya kanga. Mzee Uwesu akanigeukia.

"We Mnyamwezi! Mgonjwa wetu amelala, na wewe mtani umekaa kama mfiwa. Unatutabiria nini? Au ndimi zenu mmeziacha Tabora?"

Wazee wakaunga mkono. Ni kweli, ndiyo desturi. Nyumba ikiwa na msiba au ugonjwa mkubwa, mtani ndiye mwenye kazi ya kuwafungua watu vifua. Atatukana, atadai, atajilaza njiani. Mtani akinyamaza watu wanaona kaburi. Wakawa wananingoja, nyuso zote. Hata Bi Siti akainua kichwa kidogo.

Nikasimama. Sikuwa na mzaha hata mmoja kinywani. Nilikuwa na lile moja tu. Nikaona sasa ndiyo sasa, mbele ya ukoo wote, nisipate pa kurudi.

"Nisikilizeni," nikasema. "Hakuna jiwe. Jiwe ni mimi. Shomari alinipiga tobo mara mbili mbele za watu, nikaona haya, nikampiga goti la tumbo kwa makusudi. Mpira ulishapita na niliuona. Bi Siti, mikono yako haina kosa. Ulipokuwa unamchua mimi nilijua, nikakuacha. Mwuaji wa mwanao ni mimi hapa."

Nilisikia ndoo ya mfagizi upande wa pili wa ukuta.

Halafu Mzee Uwesu akapiga paja. "Haaa! Hapo sasa!"

Na wote wakaangua kicheko! Veranda nzima! Eti kaua kwa ajili ya tobo! Wanyamwezi ndivyo walivyo, mzigo wataubeba hadi pwani, tobo litawashinda! Mmoja akachukua kanga, akanifunga mikono nyuma, tumemkamata, pelekeni Kisarawe, alipe ng'ombe wawili na binti mmoja! Nikasema, nasema kweli, haki ya Mungu! Na anaapa! wakapiga kelele. Anaapa jamani! Nilivyozidi kusema walizidi kucheka, machozi yananitoka na wao wanaona machozi ndiyo ustadi wenyewe.

Na Bi Siti akacheka.

Alianza kwa kukohoa, kisha mabega yakaanza kutikisika. Akatoa mikono ndani ya kanga kupangusa machozi. Mikono yote miwili. Tangu Jumanne sijaiona. "Mnyamwezi huyu!" anasema. "Mnyamwezi huyu ataniua!" Sista akatoka kutunyamazisha, akakuta Bi Siti ameinuka mwenyewe, anaomba aingie kwa mwanawe. Nilimwona kupitia dirishani. Alimshika mkono.

Nifanye nini na kitu kama hicho? Niingie nimwambie, mama, hukusikia vizuri, acha huo mkono? Nilifunguliwa ile kanga, nikabaki nimesimama pale. Nimesema kila neno, hata moja sikuficha, na nimetoka nimesifiwa.

Mtu mmoja hakucheka. Zamzam alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na chupa ya chai. Watu wa kwao na sisi hatuna utani. Hakunitazama usoni safari hii. Alitazama goti langu, kisha akaweka chupa chini taratibu, kama iliyo na moto.

Sikumsubiri. Nimetembea kutoka hospitali, Upanga, mpaka hapa bila kusalimia mtu.

Adhana imelia. Uani wanafuturu. Nasikia mama mwenye nyumba anaitikia salamu za wageni, anasema yumo ndani, amejifungia, piteni tu. Kandambili za watu wawili ukumbini.

"Hodi, mwuaji!" Bi Siti huyo. Sauti yake imerudi kabisa. "Fungua, baba, nimekuletea tambi! Leo nami nitakula, nimekuja tule pamoja!"

Nimesema ngoja navaa. Nimevaa tangu nirudi.

"Au umeshawakimbia polisi?" Anacheka mwenyewe huko nje. Mwenzake hacheki. Nasikia anavyopumua, yuko karibu na mlango kuliko mkwewe. Sasa ni yeye anayesema, taratibu, wala hakuniita shemeji.

"Eliasi. Tufungulie. Nataka uliseme tena lile, mama akiwa amekaa."

Bi Siti ameacha kucheka. Anamuuliza, lipi?

Nakwenda kufungua.